Simbamarara wa Kochini

Oktoba 2003, askari wa Jiji la New York alijifunga kamba juu ya jengo la ghorofa huko Harlem, akajishusha hadi usawa wa dirisha la ghorofa ya tano, akachungulia ndani. Ndani alikuwamo simbamarara. Jina lake Ming, uzito wake unapita kilo 150, na katika chumba kingine cha nyumba hiyohiyo alikuwamo mamba. Askari alimfyatulia mshale wa dawa ya usingizi, na Ming akalirukia dirisha kwa hasira kabla dawa haijamlegeza. Mwenye nyumba, aliyemlea tangu akiwa mtoto, alikuwa amefika hospitali siku chache nyuma na majeraha aliyodai ni ya mbwa. Baadaye ndipo kisa chenyewe kilipojulikana: alimwokota kipaka, akamleta nyumbani, Ming akamrukia, naye akajitia kati.

Siku hizo Ming alipokuwa akipakuliwa nyama huko Harlem, upande wa pili wa Marekani, California, mama mmoja alikuwa ametimiza zaidi ya miaka kumi akijaribu kumtoa simbamarara ndani ya paka. Anaitwa Judy Sugden. Kilo 150 hakuzitaka. Alichotaka ni milia, rangi ya chungwa iliyokolea, tumbo jeupe na ule mwendo wa mabega wa mnyama asiye na haraka, vyote katika mwili wa kilo tano au sita unaojua kwamba choo chake ni kisanduku cha mchanga kilichopo nyuma ya mlango. Paka aliyemzalisha anaitwa Toyger, jina lililounganishwa kutoka neno la Kiingereza la kitu cha kuchezea mtoto na neno la simbamarara.

Wengi wakiona picha zake hucheka, na wengine hukasirika. Dunia ina paka wasio na mwenyewe kila jalala, wanasema, halafu mtu anakaa miaka thelathini kuchora milia! Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, katika njia zote ambazo binadamu amejaribu kumwingiza mnyama wa porini sebuleni, hii ya Sugden ndiyo yenye dhambi ndogo kuliko zote, na sababu ni kwamba inaishia kwenye ngozi. Balaa huanza mteja anapoambiwa kuwa ngozi haitoshi, kwamba lazima awe na damu. Na damu inayouzwa kwa bei ya juu kabisa katika biashara hiyo inatoka kwa mnyama wa Afrika, yule mwenye miguu mirefu na masikio makubwa ambaye watu wa Ngorongoro humwona akiruka kwenye majani asubuhi: mondo.

Lakini kwanza milia. Paka wa kawaida mwenye milia, yule anayelala juu ya meza ya muuza samaki sokoni Feri, ana mistari myembamba inayoshuka ubavuni kama mifupa ya samaki mwenyewe. Usoni ana alama inayofanana na herufi M, na kwenye mapanja, kati ya jicho na sikio, mara nyingi hana kitu. Simbamarara ni habari nyingine. Milia yake ni minene, inakatika, inagawanyika mara mbili kisha inakutana tena kama msuko uliolegea, na usoni inazunguka, haisimami. Masikio yake ni madogo ya duara. Pua yake ni pana. Macho yake, ukilinganisha na kichwa, ni madogo, wakati paka ana macho makubwa ya mtoto mchanga. Kumfanya paka afanane na simbamarara, basi, si suala la kumpaka rangi. Karibu kila kitu usoni mwake kinapaswa kuhama.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sugden alikuwa akishughulika na jambo dogo zaidi, kupata paka wenye milia iliyo safi, alipotazama kichwa cha paka wake mmoja aliyeitwa Millwood Sharp Shooter na kuona vidoa viwili kwenye panja, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Mtu mwingine asingeviona. Yeye alifikiri: kama hapa panaweza kuota doa, panaweza kuota duara. Akaanza na paka wawili. Mmoja aliitwa Scrapmetal, paka wa kawaida wa nyumbani mwenye milia, na jina lake, yaani chuma chakavu, linaonyesha hakuwa na ukoo wa kujivunia. Wa pili alikuwa Millwood Rumpled Spotskin, dume la Bengal, aina ya paka wenye madoa kama ya chui, lenye mifupa mikubwa. Mwaka 1993 akamwagiza wa tatu kutoka mbali: paka wa mitaani wa Kashmir, India, aliyepewa jina Jammie Blots. Sifa yake ya pekee ilikuwa vidoa kati ya masikio badala ya mistari ya kawaida. Paka asiye na kwao, aliyekuwa akitafuta riziki vichochoroni, akapandishwa ndege kwenda California kwa sababu ya utosi wake!

Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha paka, TICA, kilianza kuwasajili Toyger, na mwaka 2007 kikawaruhusu kushindania ubingwa katika maonyesho yake. Hadi leo wafugaji hawajasema kazi imekwisha. Masikio ya duara yanawasumbua, na kila mara wanapopata kichwa kizuri milia inafifia, wakipata milia kichwa kinarudi kuwa cha paka. Ni kazi ya subira ya mkulima anayechagua mbegu ya mahindi, msimu baada ya msimu.

Sugden hakuanzia hewani. Mama yake mzazi, Jean Mill, ndiye aliyempa dunia paka aina ya Bengal. Mwaka 1963 Mill alipata watoto kutoka kwa paka wa porini wa Asia, mwenye madoa kama ya chui mdogo, aliyepandwa na dume la nyumbani. Kazi ilisimama kwa miaka mingi, akairudia mwaka 1980 baada ya kupewa machotara na daktari Willard Centerwall, aliyekuwa akitafiti saratani ya damu ya paka kwa sababu iliaminika kwamba yule wa porini haambukizwi. Mwaka 1982 alipata India paka wa rangi ya chungwa aliyeokotwa katika bustani ya wanyama ya New Delhi, karibu na zizi la vifaru. Alimwita Delhi. Mill alikuwa na maelezo ya kujitetea: mwanamke aliyezoea kumpapasa paka mwenye madoa ya chui nyumbani kwake, alisema, hatatamani tena kuvaa koti la ngozi ya chui. Binti yake alikuja na maelezo yanayofanana, kwamba anayeishi na simbamarara mdogo atamjali yule mkubwa aliyeko msituni. Ukoo huo haukukosa udhuru mzuri katika kizazi chochote.

Kuhusu Bengal kuna jambo ambalo wauzaji wengi wangependa lisizungumzwe sana. Kwa miongo minne paka hao wamenadiwa kwa damu yao ya porini. Chui mdogo, wameandika kwenye matangazo, ndani ya nyumba yako. Mwaka 2024 watafiti wa vinasaba, miongoni mwao Christopher Kaelin na Gregory Barsh, walichapisha matokeo ya kuchunguza DNA ya Bengal zaidi ya 900. Sehemu iliyotoka kwa paka wa porini wa Asia ilikuwa wastani wa asilimia tatu na nusu hivi. Si hilo tu. Walipotafuta ni wapi hasa uzuri wa Bengal umetoka, yale mabaka na ule mng'ao wa manyoya, waligundua kuwa sehemu kubwa imetokana na tofauti zilizokuwamo tayari ndani ya paka wa kawaida wa nyumbani. Paka wa mitaani, kumbe, alikuwa na hazina hiyo siku zote. Ilihitajika tu mtu wa kuichagua na kuikusanya.

Hapo ndipo hoja ya ngozi bila damu inapopata mguu wa kusimamia. Kaelin, Barsh na wenzao walikuwa wameshatoa habari nyingine ya ajabu mwaka 2012. Jeni moja, inayoitwa Taqpep, ikiharibika kwa namna fulani, milia ya paka wa nyumbani hupotea na badala yake huja mabaka makubwa ya kuzunguka. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa duma, madoa yake huungana yakawa mabaka na mistari mgongoni, na anatokea yule aitwaye duma mfalme, ambaye alipoonekana Zimbabwe katika miaka ya 1920 mtaalamu mmoja wa Uingereza aliapa kuwa ni mnyama wa aina mpya na kumpa jina lake la kisayansi. Mwaka 2021 wanasayansi wa India walionyesha kuwa simbamarara weusi wa msitu wa Similipal, ambao milia yao imenenepa hadi kufunika rangi ya chungwa, nao wana hitilafu katika Taqpep. Paka wa uani, duma na simbamarara wanatumia ushonaji mmoja. Swali la kale la nabii Yeremia kuhusu chui na madoa yake sasa lina watu wa kulijibu maabara.

Kwa hiyo anayetaka umbo la porini hana haja ya kwenda porini kulifuata. Wapo wasiotosheka hata hivyo, na hao wana soko lao.

Tarehe 7 Aprili 1986 mfugaji wa Bengal wa Pennsylvania, Judee Frank, alipata kipaka cha kike kutoka kwa mondo dume aliyempanda paka wa Siam. Kiliitwa Savannah, na jina likawa la aina nzima. Miaka kumi baadaye Patrick Kelley na Joyce Sroufe waliipelekea TICA maelezo ya aina hiyo mpya, na mwaka 2012 ikaruhusiwa kushindania ubingwa. Savannah wa kizazi cha kwanza ni mnyama wa kushangaza, haifai kukataa. Ni mrefu, mwembamba, ana madoa meusi na masikio ya baba yake. Savannah mmoja wa Michigan, Arcturus, aliingia katika kitabu cha rekodi za dunia kwa kimo cha sentimita 48.4 begani. Bei ya kizazi cha kwanza hufika maelfu mengi ya dola.

Bei hiyo ina sababu, na sababu yenyewe ndiyo inayopaswa kuwafikirisha wanaoinunua. Mondo dume ana kilo kumi hadi kumi na nane; paka jike ana nne. Wasipokuzwa pamoja tangu utotoni, dume anaweza kumuua jike badala ya kumpanda. Mimba ya mondo ni siku 73 hivi na ya paka ni kama 65, kwa hiyo watoto wanaweza kuzaliwa kabla hawajakomaa. Madume wa vizazi vya mwanzo ni tasa, na kwa kawaida inabidi kusubiri hadi kizazi cha tano au cha sita kumpata dume anayezalisha. Na ili kizazi cha kwanza kiendelee kuuzwa, lazima kila siku kuwe na mondo fulani, mahali fulani, amefungiwa kwenye ua wa mtu.

Mondo huyo si mnyama wa ua. Mtafiti Aadje Geertsema aliwafuatilia katika Kreta ya Ngorongoro na kuchapisha matokeo yake mwaka 1985. Alihesabu mirukio yao ya kuwinda, na karibu nusu ilizaa panya, chura au ndege, kiwango ambacho simba angekionea wivu. Mondo anasimama kwenye majani marefu, anafumba macho nusu, anasikiliza. Masikio yale yanampata fuko akitembea chini ya udongo. Kisha anaruka juu, miguu yote minne hewani, na kutua juu ya windo kama nyundo. Mnyama wa namna hiyo akifungiwa katika nyumba ya vyumba vitatu, na chakula kwenye bakuli saa moja jioni, kazi yake ni ipi? Wafugaji husema atazoea. Anachozoea mara nyingi ni kukojolea kuta na kuangusha vitu, na mwenyewe akichoka humpeleka kwenye makazi ya hisani ya wanyama ambayo tayari yamejaa.

Januari 2023, huko Cincinnati, gari lilisimamishwa na polisi na mnyama mwenye madoa akachomoka, akapanda mti. Waliomteremsha hawakuweza kusema kwa kumtazama kama ni mondo au ni paka chotara, wakapeleka sampuli maabara. Jibu lilikuwa mondo kamili, aitwaye Amiry. Mguu ulikuwa umevunjika na katika mwili wake kulikutwa kokeini. Alihamishiwa bustani ya wanyama ya jiji. Aliyezaliwa kuwinda panya kwenye majani alipimwa dawa za kulevya Ohio. Pengine hilo lingekuwa kichekesho kama mnyama mwenyewe angekuwa na hiari yoyote ndani yake.

Soko la damu huvuta matapeli pia. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani ilitangaza paka mpya kabisa, Ashera, eti mchanganyiko wa siri wa mondo, paka wa porini wa Asia na paka wa nyumbani, kwa dola 22,000. Magazeti ya dunia yalishika habari hiyo kwa mikono miwili. Mfugaji mmoja wa Savannah huko Pennsylvania aliziangalia picha na kuwatambua paka aliokuwa amewauza mwenyewe. Mwaka 2008 vipimo vya DNA vilivyofanywa Uholanzi vilimpa haki: hao walikuwa Savannah wa kawaida. Siri haikuwamo, ila kwenye bei.

Serikali zimejibu kila moja kwa namna yake. Australia, ambako paka waliotoroka wamekwisha kumaliza wanyama wadogo wengi wa asili, ilizuia Savannah mwaka 2008 kabla hata hawajaingia, kwa hofu kwamba paka mwenye uwezo wa kuruka kama mondo angefanya kazi hiyo mara mbili. Majimbo ya Hawaii na Georgia, Marekani, hayawataki kabisa. Uingereza, mwenye kizazi cha kwanza lazima awe na leseni chini ya sheria ya wanyama hatari ya 1976. Marekani kwa jumla, baada ya miaka mingi ya visa vya aina ya Ming, ilipitisha Desemba 2022 sheria inayokataza watu binafsi kufuga paka wakubwa: simba, simbamarara, chui, jagwa, duma na wenzao, pamoja na machotara wao. Mondo hayumo katika orodha hiyo. Kwa macho ya sheria hiyo yeye si mkubwa vya kutosha kulindwa dhidi ya sebule.

Waislamu wa mwambao hawahitaji sheria ya Marekani kuelewa ubaya wa kumfungia mnyama. Wamekua na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na wamekua na jina la Abu Huraira, sahaba aliyeitwa hivyo kwa kupenda vipaka. Misikitini Lamu na Mombasa paka huingia, hulala kwenye mikeka, na hakuna anayemfukuza. Mapenzi ya paka yapo tele huku. Lakini ni mapenzi ya mlango wazi: paka huja, hula, huondoka, hurudi akitaka. Anayemjua paka kwa njia hiyo huona haraka tatizo la mondo aliyefungiwa asiye na kitu cha kurukia.

Toyger hana tatizo hilo. Mama yake alikuwa paka, bibi yake paka, na yule wa porini aliye mbali kwenye ukoo wake, kupitia upande wa Bengal, amebaki kama chumvi kwenye maji ya bahari. Analala kwenye kochi kwa sababu baba zake walilala kwenye makochi. Mnunuzi anapata milia aliyoitaka na hakuna mnyama wa porini aliyefungwa ili milia hiyo ipatikane.

Dai la Sugden kwamba paka wake atamsaidia simbamarara wa kweli, hilo halipaswi kupokelewa bure. Mwaka 2010 nchi 13 zenye simbamarara zilikutana St Petersburg, Urusi. Wakati huo ilikadiriwa wamebaki 3,200 hivi porini, na nchi hizo zikaahidi kuongeza idadi mara mbili ifikapo 2022. India imefanya kazi kubwa: hesabu yake ya 2022 ilitoa makadirio ya simbamarara 3,682, zaidi ya nusu ya wote duniani. Kilichowaongeza ni walinzi wanaotembea usiku na tochi, vijiji vilivyokubali kuhama, kamera zilizofungwa kwenye miti na fedha za serikali. Hakuna mahali ambapo milia ya paka wa California imeingia kwenye hesabu hiyo. Anayesema paka wake ni balozi wa simbamarara anapaswa kuonyesha risiti: katika kila paka anayeuzwa, senti ngapi zinakwenda kwa mlinzi wa msitu? Mpaka risiti hiyo itolewe, Toyger abaki kuwa paka mzuri tu. Kuwa paka mzuri si aibu.

Kuna upande mmoja, hata hivyo, ambako ubalozi huo ungeweza kupimwa kwa urahisi, nao uko karibu zaidi na Afrika Mashariki kuliko India. Kwa miaka mingi watoto wa duma wamekuwa wakikamatwa Pembe ya Afrika, wakivushwa kwa majahazi kutoka pwani ya Somalia kwenda Yemen, na kutoka huko kuingia nchi za Ghuba kuwa mapambo ya magari ya kifahari. Wengi hufa njiani kwa kukosa maziwa na kwa kufungiwa ndani ya makasha. Makadirio ya 2016 yalisema duma waliobaki porini duniani ni kama 7,100, kwa hiyo kila mtoto anayepakiwa ni pengo. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mwaka 2016 inayokataza watu kufuga wanyama hatari nyumbani, na picha za duma kwenye viti vya mbele vya magari zimepungua hadharani. Hamu iliyokuwa nyuma ya picha hizo haikufutwa na sheria. Kijana wa Dubai anayetaka kuonekana na mnyama wa madoa akinunua Bengal badala ya duma, kuna mama wa duma huko Somalia atakayebaki na mtoto wake. Huo ungekuwa ubalozi wa kweli, na unahitaji watu wa kuuhubiri zaidi katika magulio ya Ghuba kuliko katika maonyesho ya paka ya Los Angeles.

Halafu kuna kisa cha Kilifi, ambacho wapenda paka wa Ulaya wanakijua kuliko watu wa Kilifi wenyewe. Mwaka 1978 Jeni Slater, mwenye shamba la minazi karibu na Watamu, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, alikuta vipaka vyenye manyoya ya ajabu: mabaka ya kahawia yanayozunguka, yenye chembe za rangi nyepesi ndani yake, kama gome la mti lililonyauka. Wagiriama walikuwa wakimjua paka huyo tangu zamani na kumwita khadzonzo, kwa maana hiyohiyo ya gome. Mwaka 1984 baadhi walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la paka la Ulaya, FIFe, likamtambua rasmi kwa jina la Sokoke. Uchunguzi wa vinasaba baadaye uliwaweka karibu na paka wa Asia, jambo lisilomshangaza mtu aliyeona jahazi likishusha mzigo Lamu: palipo na mchele na tende kuna panya, na palipo na panya paka huabiri bila tiketi.

Hakuna aliyekaa kumchora Sokoke. Alijichora mwenyewe, kwa jua la pwani na kwa kuwinda chini ya minazi. Kinachouma kidogo ni kwamba mtu wa Nairobi anayetaka paka mwenye sura ya msituni huingia intaneti kuuliza bei ya Bengal kutoka ng'ambo, wakati safari ya saa mbili kutoka Mombasa kuna wajukuu wa khadzonzo wanaosubiri utumbo wa samaki. Kenya ina nembo za kahawa na chai. Ya paka wake iliandikwa Ulaya.

Na nyuma ya wote hawa, Toyger, Bengal, Sokoke na yule wa meza ya samaki, amesimama mnyama mmoja ambaye hakuna anayemfanyia maonyesho. Ni paka pori wa Afrika. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii ya paka pori ya Mashariki ya Kati, ndugu wa damu wa hawa wanaowinda panya usiku Serengeti, Tsavo na Ruaha. Ukimwona taa za gari zikimmulika unaweza kudhani ni paka wa mtu aliyepotea. Mtazame vizuri: miguu yake ya mbele ni mirefu kiasi kwamba akikaa kifua kinasimama wima kama sanamu za Misri, na nyuma ya masikio ana rangi nyekundu kama ya udongo wa Tsavo.

Kinachomtishia huyu kuliko risasi ni mapenzi. Shume la kijijini linatoka jioni, linavuka mpaka wa hifadhi ambao kwalo haupo, linakutana na jike la porini, na baada ya miezi miwili kunazaliwa watoto wenye miguu mifupi kidogo na masikio yasiyo mekundu. Hakuna mfugaji aliyepanga, hakuna hati ya ukoo, hakuna dola 22,000, lakini ni kazi ileile ya kuchanganya damu, inafanyika kila usiku, na inaelekea upande mmoja: porini kunapungua. Dawa yake inajulikana na ni ya bei nafuu. Daktari wa mifugo wa wilaya anayepita vijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kazi inayofanyika kuizunguka Serengeti kwa miaka mingi sasa, anaweza kubeba pia vifaa vya kuhasi mashume katika safari hiyohiyo. Paka atamaliza nusu saa mezani, atalala jua likizama, na kesho yake ataamka akitafuta panya ghalani kama kawaida.